Duara Mahali pa Baba

Mwezi uliopita tulikutana Musoma, sisi tuliosoma pamoja sekondari, katika ukumbi wa hoteli moja inayotazama ziwa. Tumenenepa, wengine tumechakaa, mvi zimepakwa rangi, lakini kelele zilikuwa zile zile za bwaloni. Tulikula sato wa kukaanga na ugali, tukawataja waliokwisha kutangulia, tukataniana hadi machozi. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye siku hizi ana ofisi yenye kiyoyozi na watu wanasimama akiingia, akanigeukia huku anachambua mwiba wa samaki. "Nyangeta, hivi ile projekti yako ya kidato cha tatu! Si ungeandika tu walivyotaka, yaishe?" Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimeshiba na nimevaa gauni jipya. Nilipofika nyumbani Nyasho na kuvua viatu nikagundua kwamba nina hasira, tena hasira ya msichana wa miaka kumi na saba, haijapoa hata kidogo. Nimefundisha historia na jiografia mpaka nimestaafu. Nimesahihisha madaftari yasiyo na idadi, na sijawahi kumwambia mtoto wa mtu aandike jambo ili yaishe. Kwa hiyo nauandika mwaka ule kama ulivyokuwa, na anayetaka yaishe aachie kusoma hapa hapa.

Shule yetu sitaitaja. Ilikuwa ya bweni, ya wasichana, si mbali na Musoma mjini, na ukikaa upande wa kushoto wa darasa la kidato cha tatu uliliona ziwa kwa dirisha lisilo na kioo. Upepo wa saa nne ulituletea harufu ya dagaa wanaoanikwa juani, na tumbo likaanza kulalamika kabla ya kengele. Mchana tulikula ugali wa muhogo na maharage, Jumapili wali, na siku Mungu akitukumbuka tulipata furu wa kuchemsha, wale samaki wadogo wenye miiba mingi kuliko nyama. Ndani ya geti lugha ilikuwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa cha kipindi cha Kiswahili, na lugha ya nyumbani kwenu uliitumia ndotoni tu. Historia na jiografia alitufundisha mtu mmoja, Mwalimu Masatu, Mjita mrefu mwembamba mwenye suruali mbili za kaki. Alikuwa na imani moja iliyomponza katika kazi yake: aliamini kwamba Mara nayo ina historia. Waliomtangulia walitufundisha mambo ya nchi za mbali mpaka tukajua majina ya wafalme waliokufa bila kuusikia mkoa wetu. Yeye aliingia siku moja na furushi la karatasi za manila kwapani, akaandika ubaoni kwa Kiswahili, mbele yetu sote, kinyume cha sheria ya shule: UMETOKA WAPI?

Hiyo ndiyo ilikuwa projekti. Wakati wa likizo kila mmoja aende kwao, amhoji mtu mzima aliyeyaona mambo kwa macho yake, akirudi alete daftari na karatasi moja ya manila. Katika daftari, ukurasa wa kushoto maneno ya mzee kwa Kiswahili kama alivyoyasema, ukurasa wa kulia maneno hayo hayo kwa Kiingereza. "Kushoto ni kwa ajili ya aliyekuambia," Masatu alisema, "kulia ni kwa ajili ya mtihani. Kulia kusiseme jambo ambalo kushoto hakukusema." Kwenye manila, juu mti wa ukoo: mwanamume mraba, mwanamke duara, ndoa mstari mnene. Chini ramani, mishale ikionyesha nani alihama kutoka wapi kwenda wapi, na skeli. Akatuonya kwamba ramani isiyo na skeli ni ua la kupamba ukuta. Karatasi zingebandikwa darasani siku ya wazazi, zitakazopendeza zipelekwe Butiama kwenye maonyesho ya shule za sekondari. Na alama zake zingeingia kwenye rekodi ya mtihani wa mwisho: asiye na alama ya projekti hasajiliwi kidato cha nne. Rhobi, Mkurya aliyelala kitanda cha chini yangu na rafiki yangu wa kugawana hata sabuni, alininong'oneza kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba hii ni kazi rahisi, ataimaliza ndani ya basi.

Habari za ukoo huwa zinanichosha nikizisoma kwa wengine, kwa hiyo za kwetu nitasema zile tu ambazo bila hizo hutanielewa. Nyamuswa kulikuwa na mwanamke anaitwa Wakuru. Aliolewa na Magesa, hawakujaliwa mtoto, Magesa akafa, na ndugu za marehemu wakaanza kuja kumsalimia mjane huku macho yao yakipima shamba. Wakuru hakulia nao. Alilima pamba, msimu kwa msimu, akauza Bunda, akageuza pamba kuwa mitamba. Walipotimia akawaswaga hadi kwa wazazi wa msichana mmoja upande wa Butiama, akamwoa. Huku kwetu inaitwa nyumba ntobu: mwanamke anamwoa mwanamke, na watoto watakaozaliwa ni wa yule aliyetoa ng'ombe. Msichana yule ni mama yangu. Wakuru ni baba yangu. Mimi na wadogo zangu tulimwita Baba tangu tulipojua kusema, majirani walimwita baba yenu, padre alipopita alimsalimia baba wa familia, na hakuna kuku aliyeshtuka. Shuleni niliandikishwa Nyangeta Magesa, kwa kuwa nyumba ilikuwa na jina la marehemu, ingawa mama alipofika Nyamuswa huyo marehemu alikuwa na miaka tisa kaburini.

Likizo ile nilimhoji jikoni kwake, chumba cha duara chenye mafiga matatu na kibuyu cha maziwa ya mgando kikining'inia kwenye boriti. Tulikula ugali wa mtama, mimi daftari pajani, yeye akiongea Kiikizu na mimi nikiandika Kiswahili. Nilidhani nitapata majina ya mababu. Yeye alinipa ng'ombe. Aliwataja mmoja mmoja, kwa rangi na kwa tabia, kuanzia mwekundu mwenye nyota usoni hadi ndama wa mwisho aliyebebwa. Nilipomwambia inatosha, projekti inahitaji watu, alinikatiza kwa kuinua mwiko. "Andika na yule mweusi aliyegoma mtoni. Huyo nilimvuta mwenyewe kwa kamba mpaka mikono ikachubuka. Wanaume niliowaomba msaada walikuwaga wamekaa kwenye jiwe wanavuta tumbaku. Waandike na wao, wamekaa." Niliwaandika, wamekaa. Kisha nikachora mti wangu. Mama nikamchora duara. Mahali pa baba nikaweka kifuniko cha chupa ya soda, nikazungusha penseli, nikapata duara jingine zuri sana, nikaandika ndani yake WAKURU. Mstari mnene kati yao. Chini, ramani: mshale ulionyooka kutoka Nyamuswa hadi Butiama, njia ya ng'ombe, na mshale mwingine wa kurudi, njia ya mama.

Masatu aliisoma kazi yangu akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Akanipa alama ya juu kuliko zote na kuandika pembeni kwamba hiki ni chanzo cha kwanza, mwenye tukio anasema mwenyewe. Furaha yangu ilidumu siku mbili. Siku ya tatu Mkuu wa Shule alipita darasani kukagua ukuta kabla ya siku ya wazazi, akasimama mbele ya manila yangu, akaibandua. Niliitwa ofisini. Naikumbuka ofisi ile kuliko vyumba vingi nilivyoishi: tufe la dunia lililovunjika mguu likaegemezwa kwenye faili, saa ya ukutani inayokwenda mbele, chupa ya chai na sahani ya maandazi iliyofunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi kwangu. Alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba wa Bunda, aliyesoma kwa shida, na alivaa tai hata siku za joto kali ili mtu asije akamdhania vinginevyo.

"Umekosea kuchora," alisema kwa Kiingereza, kwa upole kabisa. "Baba ni mraba." Nikamwambia sijakosea, Mwalimu, baba yangu ni mwanamke. Akasema rejista ya shule inasema Magesa, basi niandike Magesa. Nikamwambia Magesa alifariki miaka tisa kabla mama yangu hajaolewa. Akavua miwani. "Basi yupo mwanamume aliyekuzaa. Mwandike huyo. Kama humjui, andika hajulikani." Nikamwambia namjua, lakini si baba yangu. Hapo upole ukamwishia, na Kiingereza nacho kikamwishia. "Wewe binti, unajua wageni wanaokuja siku ya wazazi? Wanatoka mpaka makao makuu. Unajua watasema nini juu ya watu wa Mara wakiona hii? Sisi tunajitahidi kutoka huko, wewe unaturudisha kwa penseli!" Nilimjibu jambo ambalo sikujua kama ninalo kifuani. Nilimwambia somo ni historia, na kama nikimwandika marehemu itabidi nieleze kwenye ukurasa wa kulia marehemu alifanyaje. Mwalimu Masatu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kwa muda mrefu sana. Mkuu akaandika ruhusa ya kwenda nyumbani, akanisukumia juu ya meza. "Kaniletee baba. Siku ya wazazi awe hapa, mbele yangu. Bila baba na bila mraba, projekti hii haina alama, na wewe huna mtihani."

Rhobi alinisaidia kufunga begi. Alikunja sketi yangu mara tatu, halafu akasema kwa sauti ya chini, na kwa Kiswahili, "Chora tu mraba. Nani ataendaga kwenu kuangalia?" Nilimwambia Baba atajua. "Hajui kusoma," akasema. Nilimkasirikia mpaka nikaondoka bila kumuaga. Sikumuuliza amejuaje kwamba mraba mmoja wa uongo unaweza kupita bila kuonekana, na mpaka leo najilaumu kwa kutouliza.

Njia fupi ya kupitia Butiama ilikuwa imeharibiwa na mvua upande wa Nyamuswa, magari yote yakawa yanazunguka Bunda, na pale Bunda nikakaa stendi kungoja gari la Nyamuswa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, na mwenye duka ndiye yule ambaye Mkuu alitaka nimwandike. Jina lake linabaki kwangu. Alikuwa mtu mcheshi, sikuwa na ugomvi naye, na kila aliponiona alininunulia soda. Siku ile pia alininunulia, akaniuliza mbona niko nje ya shule, nami kwa ujinga nikamweleza. Aliweka pampu ya baiskeli chini. "Hilo tu? Andika langu, binti. Siku ya wazazi ninakuja na suti. Na wadogo zako wakifika sekondari nao waandike hivyo hivyo, tuwe tunajulikana." Alisema kwa moyo mweupe, naamini hivyo hata sasa. Lakini nilikuwa nimekulia kwenye nyumba ambayo mashemeji walikuwa wakiipima kwa macho, na nilijua karatasi inavyoaminika. Jina lake likiingia kwenye karatasi ya shule leo, kesho litaingia kwenye kikao cha posa yangu na za wadogo zangu, na Wakuru ataambiwa asogee, bibi, wenye watoto tuongee. Nilimshukuru kwa soda. Nikamwambia nafasi imejaa.

Nyumbani mama ndiye aliyeniumiza. Alinisikiliza hadi mwisho, akapakua ugali na mlenda, akakaa karibu yangu. "Mwanangu, andika Magesa. Marehemu hana neno. Mimi sikusoma, wewe usome. Ukishapata cheti chako utachora maduara mpaka uchoke." Wakuru alikuwa upande wa pili wa moto, anakula, na mama alisema yale mbele yake kwa kuwa katika nyumba ile hatukusengenyana. Nikamgeukia. Nilimwambia Baba, ukisema niandike Magesa, naandika. Nilitaka aseme ndiyo na nilitaka aseme hapana. Wakuru alinawa mikono, akajifuta. "Magesa nilimpendaga," alisema. "Alikuwa mtu mzuri. Lakini surua ilipokushika, aliyekubeba mgongoni usiku kucha si Magesa. Na huyo mwalimu wako amesema anamtaka nani?" Nikasema amesema nilete baba. "Basi ananiita mimi. Niitwe na mwalimu wa mtoto wangu nikatae?" Mama akaangalia pembeni akitabasamu bila kutaka. Ndipo Wakuru akaniomba nimwonyeshe hiyo ramani. Nilikuwa na mchoro wa kwanza kwenye daftari. Aliuangalia ule mshale wangu ulionyooka kama rula, akaniomba nimweleze huu ni mto gani, hiki ni kilima gani, kisha akacheka hadi akashika ubavu. "Umewapitisha ng'ombe wangu kwenye tope mpaka shingoni! Wangekufa wote. Wewe usingezaliwa."

Kwa hiyo hatukupanda gari la kuzungukia Bunda. Tulitembea, mimi na baba yangu, njia ile ile waliyopita ng'ombe wake, alfajiri hadi jioni. Alivaa kitenge na juu yake koti la kiume lenye mifuko, akaniwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa kwenye kidumu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ziara ya mafunzo ni kwenda kwa lori na mwalimu mwenye filimbi. Ile ilikuwa ya kwanza ya kweli katika maisha yangu. Alinionyesha mwamba ambako aliwapumzisha ng'ombe, akanieleza kwa nini njia inakata kaskazini pale ambapo macho yanakuambia nenda mbele, akanionyesha kivuko alikogoma yule mweusi na jiwe walilokalia wale wanaume. Jiwe lilikuwa bado lipo, limelainika juu. Nilisahihisha ramani nikiwa nimeketi juu yake. Mstari wangu ukapinda, ukarefuka, na umbali ikabidi niupime upya kwa kulaza uzi kila kwenye kona. Nimetembea na wanafunzi wangu sehemu nyingi baada ya hapo, na kila mara nimewaambia waulize njia kwa aliyeipita na mzigo. Butiama tulilala kwa wajomba, tukala nyama, na asubuhi pikapu ya vitunguu ikatufikisha Musoma.

Siku ya wazazi shule ilikuwa imepakwa chokaa mpaka kwenye mawe ya bustani. Mkuu alipoona nani nimemleta alisimama, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akainamisha kichwa, "Shikamoo, mama." Wakuru akaitikia marahaba, akakaa bila kuambiwa. Mimi nilikuwa mkalimani. Mkuu akamgeukia Masatu, akasema kwa Kiingereza, tena haraka haraka, kwamba amchukue huyu bibi akanywe chai nyuma ya jiko, asije akatuaibisha mbele ya wageni. Sasa mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba kulia na kushoto kuwe na jambo moja. Nikageukia Kiikizu, nikasema wazi: Baba, anasema upelekwe nyuma ya jiko ukanywe chai usitutie aibu. Mkuu hakuwa Mwikizu, lakini aliuona uso wa Wakuru akajua nimetafsiri yote. "Mwambie chai nimekunywa," Wakuru alisema. "Muulize mama yake aliolewa kwa ng'ombe za nani." Nikauliza. Mkuu alijibu kwa hasira kwamba ni za baba yake, za nani tena. "Ndiyo maana anamwita baba," Wakuru akasema. "Na mimi nilitoa zangu. Nilizitoa mwenyewe, nilizilimia mwenyewe. Anataka nimtajie?" Na akaanza, mwekundu mwenye nyota usoni. Nilitafsiri. Alipofika kwa yule mweusi, nje honi ya gari la wageni ililia, Mkuu akachukua koti lake. Alisema Kiswahili ili tusikie wote. "Manila hiyo haibandikwi. Na alama haipo." Akatoka. Nilisimama katikati ya ofisi ile nikajua nimepoteza mtihani.

Wakuru akaniambia nimwonyeshe yangu ilikuwa wapi. Darasani ukuta mzima ulikuwa umejaa manila, na kati ya ile ya Rhobi na ya msichana mwingine palikuwa na nafasi tupu, gundi imekaukia. Wakuru akageuka, akaweka mgongo wake pale kwenye nafasi, akakunja mikono. Nikamwambia Baba twende. Akasema amechoka na safari, atasimama kidogo. Wageni waliingia, Mkuu mbele akieleza, na afisa mmoja mnene mwenye kalamu mbili mfukoni alipofika pale akasimama kama walivyosimama kwenye kila karatasi. "Na hapa, bibi?" Sikungoja kuruhusiwa. Nilisimama kando yake. Yeye akasema kwa Kiikizu, mimi nikasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kipande kwa kipande: pamba, mitamba, njia, mto, wanaume waliokaa, mama yangu, mimi. Sauti yangu ilitetemeka kwenye ng'ombe wa pili, ikakaa sawa kwenye wa nne. Wazazi wa wengine wakasogea. Mwanamke mmoja mzee akasema eeh kila ng'ombe alipotajwa. Afisa alisikiliza hadi ndama, akasema asante, bibi, akaenda kwenye karatasi inayofuata. Hakunitetea wala hakunikemea. Mkuu alinipita bila kunitazama.

Rhobi hakuwa na mgeni siku ile, alikuwa amesimama chini ya manila yake tangu mwanzo. Watu walipotoka akaibandua, akailaza juu ya dawati. Mti wake ulikuwa safi, na mahali pa baba palikuwa na mraba uliopigwa kwa rula, ndani yake jina la kiume ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja. Alilikata kwa wino, si penseli. Akachora duara kwa mkono, limepinda kama kiazi, akaandika ndani yake GHATI. "Nilimtunga tu huyu mwanamume," aliniambia. "Hayupo. Nimemtunga ndani ya basi. Aliyemtolea mama ng'ombe ni Ghati." Kisha akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na Wakuru akampa michembe iliyobaki. Tukaibandika tena manila yake pamoja, na kabla ya jioni Mkuu alikuwa ameshaing'oa.

Kwenye maonyesho ya Butiama hatukwenda, si mimi wala Rhobi. Wiki chache baadaye Masatu alitukuta tunachota maji, akaweka ndoo ya mtu mwingine chini akaikalia. Alisema ameambiwa aache nafasi zetu wazi kwenye orodha. "Nafasi wazi maana yake hukufanya kazi, na asiyefanya kazi hasajiliwi," alisema, akiangalia viatu vyake. "Mimi siwezi kuandika kwamba hamkufanya. Nimewaandikia sifuri. Sifuri ni alama. Mtasajiliwa. Itawabidi mfanye vizuri sana kwenye mitihani mingine." Nadhani aliogopa sana siku ile, alikuwa na mke na watoto na barua ya uhamisho iliyokuwa ikisubiri sababu. Nilimwambia ahsante Mwalimu kwa Kiswahili, naye hakunirekebisha.

Orodha ilibandikwa Ijumaa nje ya ofisi. Rhobi ndiye aliyewahi kuiona. Alikuja mbio uwanjani ameinua sketi kwa mkono, akipiga vigelegele vya harusi, "Sifuri mbili! Sifuri mbili, Nyangeta!" Tukashikana, tukazunguka vumbi likaruka, wenzetu wakitushangaa. Dirisha la ofisi likafunguka. Mkuu akatoa kichwa, akauliza kuna nini, nani amefaulu.

"Sisi," nikamjibu.